Bata wa Shaba wa U Tha Dun

Kila alfajiri, watawa wakiwa bado hawajapita na mabakuli yao, Ma Pwa Yin alipanga mafiga matatu chini ya upenu wa duka la mafuta, akategesha karai juu yake, akaweka kapu la mumunye kushoto na kopo la unga wa mchele kulia, kisha akaingia dukani kwa U Tha Dun kununua robo ya vis ya mafuta ya karanga. Vis ndiyo ratili ya kwetu. Robo yake hujaza chupa moja hadi shingoni, mwenye duka akiwa mtu wa kujaza.

Wakati ule mji wa Nyaungkan ulikuwa mtaa mmoja. Ulianzia kwenye kinu cha mafuta, ambako fahali aliyefungwa kitambaa machoni alizunguka tangu jogoo la pili akiamini anasafiri mbali, ukaishia kwa Ko Paw Tun kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa kiti kimoja na kioo chenye ufa. Ukimpita kinyozi ulikuta ufuta na mbwa. Katikati walikuwapo mama wa chai, wanawake wa kusokota biri za tumbaku, fundi miavuli, na mshona viatu mmoja ambaye hakuna aliyejua anakula nini, maana mji mzima ulitembea peku.

Karai lilikuwa la mama mkwe wa Ma Pwa Yin, Daw Eik. Huyu alikaanga bajia za mumunye chini ya upenu uleule kwa miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yake yakakataa kuchuchumaa. Hakuwa na saa. Saa yake ilikuwa nyumba ya kinyozi, iliyotazama mashariki: jua liligusa kwanza paa, likashuka ukutani, likapita kwenye kioo, likafika kizingitini. Robo ya mafuta, alisema Daw Eik, inakaanga mpaka jua liguse kizingiti cha kinyozi. Kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa hivyo. Sasa, tangu mvua za mwaka ule zianze, mafuta ya Ma Pwa Yin yaliisha jua likiwa bado liko paani.

"Mama, ni robo ileile," alisema Ma Pwa Yin.

"Robo ileile, karai lilelile, upenu uleule," alisema Daw Eik, akitafuna tambuu. "Kilichobadilika ni mkono."

"Mkono wangu haumwagi."

"Basi unakunywa."

Mume wa Ma Pwa Yin, Ko Lu Pe, alikuwa mwendesha mkokoteni. Mama yake na mke wake walipoanza kusemezana, alitoka kwenda kukagua kwato za ng'ombe wake. Ng'ombe wa Ko Lu Pe walikuwa na kwato zilizokaguliwa kuliko ng'ombe wote wa jimbo lile.

Siku moja Daw Eik alitema tambuu yake yote, jambo alilolifanya kwenye misiba na maamuzi tu, akasema, "Sikiliza, binti. Mwezi mpevu wa kumaliza mfungo wa mvua, siku ya kuwasha taa, nitakuja mwenyewe na kigoda changu. Mafuta yakiisha jua likiwa paani, karai namkabidhi Ma Ngwe, na wewe utarudi kwa mama yako ukalime ufuta. Mwanangu nitamtafutia mtu mwenye mkono mkavu."

Ma Ngwe alikuwa binti yake mwenyewe, mwenye miaka thelathini na ambaye hajapata kushika mwiko. Kuanzia kesho yake alianza kujipaka liwa usoni mapema na kufanya mazoezi ya kuwachekea wateja kwenye ndoo ya maji.

Ilibaki miezi miwili.

Kinu kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwa U Tha Dun. Hakupenda kuitwa hivyo. Alikuwa anajenga pagoda, mnara wa ibada, kwenye kilima nyuma ya mji, na anayejenga pagoda kwetu hupewa heshima ya kuitwa Mjenzi mbele ya jina lake, kwa hiyo uliposahau kumwita hivyo alijifanya hasikii, hata kama nyumba yake ilikuwa inaungua na wewe ndiye uliyekuja kumwambia. Pagoda ilikuwa imekamilika mpaka shingoni. Ilikosa mwavuli wa dhahabu wa kileleni tu, na mwavuli wa dhahabu si wa kuota kama uyoga.

Mawe yake ya mizani yalikuwa bata wa shaba, kama ya wafanyabiashara wote wa zamani. Walikuwapo bata watatu wa kuuzia mafuta: wa vis moja, wa nusu, na wa robo, shingo zao zimepinda wakiangalia migongo yao. Tena alikuwapo wa nne, mnene, wa kununulia karanga kwa wakulima. Huyo alikaa peke yake kwenye mto mdogo wa kitambaa.

Mwanzo wa mvua U Tha Dun aliwachukua wale watatu akawapeleka kwa mfua shaba wa mji mwingine, mwendo wa siku mbili. Alisema anakwenda kuwasafisha. Walirudi wanang'aa. Zamani ukimweka bata wa robo kwenye kitanga cha mizani alisema *du*. Sasa alisema *ting*.

Jumatano moja, baada ya watawa kupita, mama wa chai aliingia kununua mafuta ya kuwashia taa zake za madhabahuni. U Tha Dun alimweka bata wa robo kitangani. Bata akanyoosha shingo, akateremka, akatembea juu ya meza, akashuka kwa ngazi tatu za mlango, moja baada ya nyingine, akaenda mpaka kwenye kapu la Ma Pwa Yin akachukua bajia. Ilikuwa ya moto. Akaiweka chini, akasubiri ipoe, kisha akaila.

"Binti," U Tha Dun aliita kutoka ndani, "bata wangu yuko huko?"

"Yuko, Mjomba Mjenzi. Anakula."

"Akimaliza mrudishe. Nina mteja."

Alikula tatu. Ma Pwa Yin alimfuta mdomo kwa pindo la kikoi chake akamrudisha. Alipowekwa kitangani alisema *du*.

Mama wa chai alitoka na chupa yake akaiinua kwenye mwanga. "Leo Mjenzi kanipimia kwa moyo," alisema. "Sijui ameota nini."

Ma Pwa Yin aliitazama chupa ile. Akaitazama yake, aliyopimiwa kabla bata hajala. Ya mama wa chai ilijaa hadi shingoni. Yake ilikomea mabegani. Aligeuza bajia zilizokuwa karaini, maana bajia haingoji mtu amalize kufikiri.

Kesho yake walitoka wote watatu, mkubwa mbele. Walipita mtaani kwa mstari kama watawa, wakasimama mlango kwa mlango, na watu wakawapa. Wanawake wa biri waliwapa sukari guru. Fundi miavuli aliwapa wali wa jana. Mshona viatu hakuwa na kitu, akawapa pole. Kinyozi Ko Paw Tun alikuwa ananyoa mtu, aliwatazama kwenye kioo wakipita pande zote mbili za ule ufa, akasema, "Hawa wana njaa."

"Bata wana njaa siku zote," alisema aliyekuwa akinyolewa.

"Wa nyama, ndiyo. Wa shaba anashiba tangu kuzaliwa. Labda awe ametolewa utumbo."

"Angalia sikio langu, wewe."

Sukari guru inatia kiu. Mbele ya duka la U Tha Dun ulikuwapo mtungi wa maji ya wapita njia, kama ilivyo mbele ya kila nyumba yenye adabu, ila wake ulikuwa mkubwa kuliko wote na ulijengewa kijumba chenye paa la mapembe. Bata wa robo aliruka akaingia mtungini. Akaelea. Alizunguka mara mbili, akajipaka maji mgongoni kwa mdomo, akatulia katikati.

Watu walikusanyika, kwa sababu wengi walitaka kunywa na wasingeweza kuingiza kata bila kumsumbua.

"Shaba inaelea," alisema Ko Paw Tun, aliyekuja na wembe mkononi na povu la sabuni hadi kwenye kiwiko. "Tangu lini?"

Kila mtu pale alikuwa na chupa nyumbani, na kila mtu alikuwa ameanza kuifikiria chupa yake. Ma Pwa Yin alifungua mdomo. Alikuwa karibu sana kusema, na kama si bibi mmoja wa biri, mwenye jicho moja, pengine hadithi hii ingekuwa fupi.

"Thawabu!" alisema yule bibi, akaweka viganja pamoja. "Thawabu ya pagoda imewafanya wepesi!"

"Aa," walisema watu. "Kweli."

Lilikuwa neno zuri, halikumpa mtu kazi ya kufanya. U Tha Dun, aliyekuwa amesimama mlangoni rangi ya uso wake ikiwa kama chokaa ya tambuu, alirudiwa na damu polepole. Alishuka ngazi, akapiga magoti mbele ya mtungi wake mwenyewe.

"Sikutaka kusema," alisema. "Mtu asijisifie wema wake."

Kwetu, kitu kikithibitika kuwa kitakatifu, watu hukibandika dhahabu. Vinauzwa vipande vya dhahabu iliyopondwa, vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaweka kimoja kwa kidole na kukisugua mpaka kishike. Kabla wiki haijaisha mtaa wote ulikuwa umepita dukani. Waliwabandika bata migongoni, vifuani, hata miguuni. Wagonjwa wa mgongo walibandika mgongo, wenye maumivu ya kichwa walibandika kichwa. Mshona viatu alipata kipande kimoja kutoka sijui wapi akakibandika unyayoni, akiwa na nia yake.

Wakulima nao walikuja. Mmoja wao, Ko Nyo, mtu wa ng'ambo ya korongo, hakuangalia wale watatu sana. Alisimama mbele ya bata mnene wa kununulia karanga, aliyekuwa hajaondoka kwenye mto wake hata siku moja.

"Huyu hatembei?" aliuliza.

"Huyu ni mtu mzima," alisema U Tha Dun.

Bata mnene alicheua. Ilikuwa cheuo ya mtu aliyetoka arusini.

"Mjomba Mjenzi, huyu mbona ameshiba hivi? Kila nikileta gunia tatu, akiwa kitangani yeye, zinakuwa mbili na nusu. Si afunge naye kidogo, na huu ni mfungo?"

"Umnyime chakula kiumbe mtakatifu, mwezi kama huu? Ko Nyo, mama yako angekusikia!"

Ko Nyo aliona aibu. Lakini siku ya soko iliyofuata alirudi na wenzake wawili, wakamtoa bata mnene nje kwa heshima, wakajaribu kumkimbiza mtaani ili apungue. Mmoja alimwita kwa mbele, mmoja alipiga makofi kwa nyuma, na Ko Nyo alikimbia kando yake kumtia moyo. Bata mnene alikaa palepale walipomweka. Baada ya saa nzima wakulima watatu walikuwa wamepungua, wakamrudisha kwenye mto wake, wakauza karanga kama kawaida.

Lakini dhahabu ni dhahabu. Hata ikiwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ikibandikwa na mji mzima, ina uzito. Bata wa robo alianza kusema *du* hata kabla ya kula. Chupa ya Ma Pwa Yin ilipanda kutoka mabegani ikafika shingoni. Jua lilishuka kwenye paa la kinyozi, likapita ukutani, likafika kwenye kioo, na karai bado linachemka. Jioni moja Daw Eik aliuliza, "Leo yameisha wapi?" na Ma Pwa Yin akajibu, "Kwenye kioo, Mama, chini ya ufa," na Daw Eik akampa tambuu iliyokunjwa tayari. Ko Lu Pe alikula chakula chake bila kukagua kwato. Ma Ngwe alipunguza liwa.

Zilibaki siku nne kufika mwezi mpevu. Asubuhi ile U Tha Dun alikwenda kwa Ko Paw Tun kuazima wembe.

"Wa ndevu au wa kichwa?" aliuliza kinyozi.

"Wenye makali."

Alijifungia dukani na bata wake. Alipofungua, walikuwa wanang'aa shaba tupu, na kwenye kitambaa cheupe mezani palikuwa na kilima kidogo cha dhahabu. Alieleza kila aliyeingia kwamba thawabu yao haijapotea, imehamia. Ilikuwa kwenye bata, sasa inakwenda kwenye mwavuli wa pagoda, juu zaidi, ambako miungu wataiona bila kuinama. Watu walisema hiyo ni akili. Bata wa robo aliwekwa kitangani, akasema *ting*.

Siku ile mafuta yaliisha jua likiwa paani.

Siku ya pili Ma Pwa Yin alingoja duka liwe tupu, akaingia, akavua kitambaa cha kichwa kwa adabu.

"Mjomba Mjenzi, bata wako ni mtupu ndani."

U Tha Dun alimtazama kwa huruma ya kweli. "Binti yangu, nani si mtupu ndani? Wewe? Mimi? Ndiyo mafundisho yenyewe. Vitu vyote havina kitu ndani. Hukusoma?"

Ma Pwa Yin alikuwa amesoma kwa watawa miaka miwili, na aliondoka kabla ya kufika somo hilo.

"Nilisoma kidogo, Mjomba Mjenzi."

"Basi usijisumbue." Aliangalia nje, juu ya karai, kwenye upenu wake wa nyasi, uliomkinga Ma Pwa Yin na mvua. "Na upenu huu, je? Umekuzoea?"

"Umenizoea, Mjomba."

Hakusikia, maana hakuitwa Mjenzi. Ma Pwa Yin alirudia kwa ukamilifu, akatoka.

Asubuhi ya mwezi mpevu mji wote ulikuwa nje mapema. Wanawake walikuwa na maua, watoto walikuwa na taa za karatasi wakisubiri giza kwa saa kumi na tatu zijazo. Watawa walipita. Nyuma yao, polepole, alikuja Daw Eik, Ma Ngwe akimbebea kigoda. Kigoda kiliwekwa katikati ya mtaa, kikiangalia nyumba ya kinyozi. Ma Ngwe alisimama nyuma yake, liwa imemkauka usoni, amevaa kikoi cha sherehe, mikono ameshaikunja tayari kupokea mwiko.

Ma Pwa Yin alipanga mafiga, akategesha karai, akaweka kapu kushoto na kopo kulia. Kisha akaingia dukani. Mkononi alikuwa amefumbata chenga za mchele, zile ambazo hutupiwa kuku.

"Robo, Mjomba Mjenzi."

*Ting.*

Kabla U Tha Dun hajainua debe la mafuta, alifungua kiganja mbele ya bata wa robo, palepale juu ya kitanga. Bata alikunjua shingo akala. Kitanga kikashuka kidogo.

"Unafanya nini?" alisema U Tha Dun.

"Ninamlisha kiumbe mtakatifu, Mjomba Mjenzi. Si siku yake?"

Mlangoni palikuwa pamejaa watu. Yule bibi wa biri mwenye jicho moja aliweka viganja pamoja. Wengine wakafanya hivyo. U Tha Dun alitazama mlango, akatazama bata, akatazama kiganja. Hakuna sheria ya mtu wala ya mbinguni inayokuruhusu kumnyang'anya chakula bata mtakatifu siku ya mwezi mpevu, mbele ya watu arobaini, ukiwa wewe mwenyewe ndiye uliyesema ni mtakatifu.

Bata alikula. Kitanga kilishuka.

"Atavimbiwa," alisema U Tha Dun.

"Mwache ale, Mjenzi!" Sauti ilitoka mtaani, kwenye kigoda. "Kwani unamlipia wewe?"

Watu walicheka kwa adabu. Ma Pwa Yin alitoa punje za mwisho zilizonata kwenye mistari ya kiganja, bata akazidonoa moja moja, akafuta mdomo kifuani, akarudisha shingo mgongoni mahali pake. U Tha Dun alimimina mafuta kwenye kitanga cha pili. Alimimina, akasimama, akaangalia. Mizani ilikuwa bado imeinama upande wa bata. Akamimina tena. Alimimina kama mtu anayejing'oa meno yake mwenyewe. Yalipotiwa chupani yalifika shingoni.

Ma Pwa Yin alianza kukaanga. Mumunye iliingia nyeupe ikatoka ya dhahabu. Hakuharakisha, hakuchelewesha. Jua liligusa paa la kinyozi. Ma Ngwe alisogea hatua moja mbele. Jua lilishuka ukutani. Watu walinunua, wakala wamesimama, wakiangalia ukuta. Jua liliingia kwenye kioo, likapasuka vipande viwili pale kwenye ufa, kipande kimoja kikamwingia Ko Paw Tun machoni, akamkata mteja wake kidogo; mteja hakulalamika, naye alikuwa anaangalia. Kisha mwanga ukashuka chini ya kioo, ukapita miguu ya kiti, ukagusa kizingiti.

"Bado yapo?" aliuliza Daw Eik.

"Yapo ya bajia moja, Mama."

"Ilete."

Alipewa kwenye jani. Daw Eik aliila yote, akanyonya vidole kimoja kimoja, akatumia muda mrefu kwenye kidole gumba. Mtaa ulingoja.

"Nilijua tangu mwanzo tatizo ni wewe," alisema. "Hujui kuishi na bata. Mtoto wa watu amekuwa na njaa msimu mzima, anapita mbele yako kila siku, na wewe unang'ang'ania mafuta, mafuta. Mimi ningeona siku ya kwanza." Alimgeukia binti yake. "Ma Ngwe, beba kigoda. Na hiyo liwa kaioshe, unatisha watoto."

Karai likabaki lilipo.

Ko Lu Pe alisema baadaye kwamba alikuwa na uhakika tangu mwanzo. Aliyasema hayo akiwa ameshika kwato.

Kesho yake mji mzima ulikuja dukani na chenga viganjani. Siku ya tatu U Tha Dun aliweka kapu kubwa mlangoni, limejaa chenga, na kopo la kupimia juu yake, na kibao kilichoandikwa na mtawa mwenye mwandiko mzuri: *Chakula cha bata. Thawabu kwa wote.* Waliosahau chenga nyumbani walinunua hapo. Baada ya mwezi mmoja walinunua wote, kwa sababu chenga za kapuni zilikuwa za mchele mzuri zaidi na bata walikuwa wameanza kuchagua. Kopo lenyewe lilikuwa na kitako kilichopanda juu kidogo, lakini lilikuwa kopo tu, halikuwahi kutembea, kwa hiyo hakuna aliyelishughulikia.

Mwavuli wa dhahabu ulipandishwa pagodani kabla ya joto kuanza. Chini yake pana jiwe lenye jina moja. Bata mnene alihudhuria, amebebwa na wakulima wanne, Ko Nyo akiwa wa mbele.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Barabara ya lami ilikuja, serikali ikaleta mawe ya mizani ya chuma yenye mhuri, na bata wakastaafishwa wakawekwa pagodani ndani ya kabati la kioo, ambako mpaka leo yule wa robo hugonga kioo asubuhi watawa wanapopita. Duka ni la mjukuu wa U Tha Dun. Kapu la chenga liko mlangoni palepale. Ukienda kununua mafuta, unanunua kwanza kopo la chenga, unazimwaga juu ya jiwe la chuma, unangoja kidogo, kisha unapimiwa.

Ma Pwa Yin magoti yalimkataa akiwa na miaka sitini na mmoja. Karai alimwachia mke wa mwanawe, msichana aliyesoma mpaka darasa la saba, jina lake Ma Yin Nwe. Asubuhi moja ya mvua Ma Yin Nwe alirudi nyumbani mapema, kapu likiwa nusu.

"Yameisha wapi?" aliuliza Ma Pwa Yin.

"Paani, Mama."

"Jiwe ulilipa chenga?"

"Nililipa, Mama. Lakini ni chuma, Mama. Chuma hakili. Zinabaki juu yake, halafu mwenye duka anazikusanya anazirudisha kapuni. Nimeona kwa macho yangu. Labda jiwe lenyewe lina…"

Ma Pwa Yin alitafuna tambuu yake taratibu. Nje, mwanawe, mume wa Ma Yin Nwe, alikuwa ameinama chini ya ng'ombe, anainua kwato. Kutoka kilimani ilisikika sauti ndogo ya mdomo wa shaba kwenye kioo.

"Robo ileile," alisema Ma Pwa Yin. "Karai lilelile, upenu uleule. Kilichobadilika ni mkono."